Mafuta Yaliyolala Nje Kalundu

Mwanangu, kaa hapa nikueleze asubuhi moja ya bandari ya Kalundu, kando ya ziwa, wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana niliyeacha shule mapema, nikahangaika toka kazi hadi kazi, kila mashini nikitaka kujua inakula nini. Siku zile nilikuwa chini ya Mzee Kashindi, fundi wa boti.

Risasi zilikuwa zinalia upande wa mtaa wa Songo. Boti ilikuwa imejaa akina mama na watoto wa kuvushwa hadi Rumonge, ng'ambo ya ziwa. Tulikuwa tumetoa mafuta machafu ya mashini kwenye ndoo, na mapya yalikuwa ndani ya pipa tulilonunua bandarini. Lakini wauzaji wengine walichanganya mazutu, yaani dizeli, ili pipa lijae, na mafuta mepesi hukwamisha mashini. Mzee akanituma nipime.

Tulikuwa na vikombe viwili vya shaba, kila kimoja na tundu dogo chini. Kimoja nikatia mafuta ya pipa, kingine mafuta mazuri ya chupa yetu, nikaachia matundu pamoja. Yakaisha sawasawa.

"Iko muzuri, Mzee!"

Akagusa pipa, kisha chupa. "Weye, pipa limelala nje kwenye upepo. Chupa imelala wapi?"

"Karibu na jiko."

"Basi umepima baridi, haukupima mafuta. Mawese ya mama yako yakiganda asubuhi, unasema yamekuwa mengine?"

Kapiteni akapiga kelele: "Kashindi, watatuua hapa!"

"Hapa unaweza kukimbia. Katikati ya ziwa utakimbilia wapi?"

Tukapasha mafuta yote mawili ndani ya sufuria moja ya maji moto, kila moja katika kopo lake. Nikapima tena. Ya pipa yakachuruzika kama chai; kumbe yalichanganywa, baridi ndiyo iliyoyafanya yaonekane mazito. Ya chupa yalikuwa bado yanajivuta.

Mzee hakunitukana. Aliomba kitenge kwa mama mmoja, tukachuja yale machafu ya ndooni, maana ya chupa yalikuwa kidogo mno, tukayarudisha ndani ya mashini. Mashini ikakohoa, ikashika. Risasi zilipiga maji nyuma yetu tulipoacha gati. Tulifika.

Mwanangu, usilinganishe vitu viwili kabla hujaviweka mahali pamoja. Hata watu: aliyelala njaa na aliyelala ameshiba, usiwahukumu kwa neno walilokujibu asubuhi. Na wakikupigia kelele uharakishe, angalia kwanza ni akina nani watakaozama ukikosea. Mungu akutangulie, na wote utakaowabeba wafike wazima.