Ngazi za Nyuma

Mafundi walimwita Rula, kwa kuwa katika miaka thelathini na moja ya kuchora ramani za majengo hakuna aliyewahi kumkuta na mstari uliopinda. Sifa hizo alizipenda, tena sana. Lakini siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Kazi ya kuchora jengo jipya la chuo aliipokea kwa mikono miwili. Mbele, jukwaa la watazamaji linalotazama uwanja wa mpira. Chini yake na mgongoni mwake, ghorofa tatu za vyumba vya wanafunzi. Binti yake wa mwisho alisoma hapo hapo, akapangiwa chumba ghorofa ya tatu. Baba mtu alijivuna hadi wenzake wakachoka.

Kazi ikiwa katikati, mkuu wa chuo akaandika barua fupi: “Vyumba havitoshi. Ondoeni ngazi za nyuma.” Rula akafuta ngazi ya kushukia upande wa nyuma, akapachika vyumba sita mahali pake.

Jengo lilipokwisha, mkuu alikuja kulikagua. Akaelekeza kidole juu, kwenye safu za mwisho za kukalia watazamaji.

“Mbona ngazi za nyuma bado zipo? Si niliwaandikia mziondoe?”

Hapo ndipo Rula alipoelewa. Watu wa mpira, na mkuu alikuwa mmoja wao, wakisema ngazi wanamaanisha mahali pa kukaa. Yeye, mtu wa majengo, alisoma mahali pa kupandia. Ikabaki ngazi moja tu, ya mbele, ile ile ambayo siku ya mechi itamiminikiwa na watazamaji maelfu. Moto ukizuka, walio juu hawana pa kutokea.

Alimkimbilia mhandisi, bosi wake.

“Bosi, nimeua watoto wa watu.”

“Hujaua mtu.”

“Bado.”

“Sikiliza, mzee. Wanaingia Jumatatu. Saini kwenye ramani ni yako. Ukifungua mdomo, hakuna atakayekupa hata choo cha kuchora.”

Alikwenda kwa mkuu, akakiri kila kitu huku machozi yakimtoka. Mkuu akamwitia maji ya kunywa, akasema ngazi nyingine itajengwa likizo ya mwakani. Nyumbani alimsihi binti yake asihamie, lakini sababu haikumtoka mdomoni. Aliona aibu, na aibu hiyo aliichukia kuliko kosa lenyewe.

Jumatatu asubuhi wazazi walipanda na magodoro na ndoo, wengine walishuka kufuata mizigo iliyobaki. Rula akapenya hadi katikati ya ngazi, akaketi.

“Mzee, pisha!”

Hakupisha. Godoro likagota godoro, ndoo ikabingirika, mtoto akaanza kulia. Kwa dakika tatu hivi hakuna aliyepanda wala kushuka, na aliyewazuia ni mzee mmoja mwembamba tu. Binti yake akaja akisukumana na watu, uso umemwiva.

“Baba! Unanitia aibu mbele za watu. Inuka, nakuomba.”

“Siinuki, mwanangu.”

Kutoka ghorofa ya tatu mama mmoja, mtoto mgongoni, akapiga kelele: “Jamani, sisi huku tumekwama! Kwani njia nyingine ya kushukia iko wapi?”

Watu wote wakatazamana. Rula akainua uso, akamtazama binti yake.

“Ilikuwepo,” akasema. “Niliifuta mimi.”