Masikio ya Ua Mmoja

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya vita, hapa Bunia, risasi zilipolia tukiwa bado tunakunywa chai. Nilikuwa kijana, na tangu shule zifungwe, redio ndiyo iliyonifundisha. Jana yake nilikuwa nimemsimulia nyanya yangu, tuliyemwita Tate, habari za setilaiti zilizorushwa kugundua majaribio ya siri ya mabomu ya nyuklia. Zilinasa mimweko ya miale ya gamma isiyofanana na bomu lolote. Setilaiti moja haikuweza kusema mmweko umetoka wapi. Wataalamu walilinganisha saa ambayo kila setilaiti iliupokea, ndipo wakajua: haukutoka duniani wala kwenye jua. Miaka mingi baadaye ilithibitika kwamba mimweko hiyo hutoka mbali kupita galaksi yetu, mingine nyota kubwa zinapokufa.

Tate alicheka. "Dokta ya nyota, kula kwanza muhogo."

Asubuhi ile hakucheka mtu. Nilisikia risasi upande wa kilima, nikamfunga mdogo wangu mgongoni, nikamwambia mama tukimbilie mtoni. Mama Zawadi, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuwa ameshatoka na watoto wake kuelekea huko. Tate akasimama langoni.

"Unajua namna gani risasi iko kule kilimani?"

"Nimesikia, Tate!"

"Masikio yako yote mbili iko mu parseli moja, mu ua hii moja. Jana uliniambia setilaiti moja haijue. Weye ndiye unajua?"

Nikalikaza upya fundo la kitenge kilichombeba mdogo wangu. Tate aliinama kwenye ua wa miti, akamnong'oneza jirani wa juu. Naye akamuuliza wa kwake. Kungoja kule, mwanangu, kulinitisha kuliko risasi zenyewe. Jibu likarudi ua kwa ua: wote walizisikia risasi zikitoka mtoni. Ukuta mrefu wa matofali, upande wetu wa kilima, ndio uliokuwa ukiturudishia mwangwi.

Tukapanda kilima. Mama Zawadi hatukumwona tena.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo hofu inakuja kwa simu: wale wanakuja, kimbieni, piganeni. Hofu hukuambia umesikia. Haikuambii imetoka wapi. Muulize anayesimama mahali usiposimama weye, hata kama hampatani, ndipo uinue mguu.

Mungu akujalie jirani kila upande wa ua wako. Na siku utakaponong'onezwa weye, akupe moyo wa kujibu kweli.