Klaviye Iliyovalishwa Nguo

Juzi asubuhi, pale gare, treni ya Kaniama ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza wakati karani wa tikiti aliponyanyua mikono juu. Klaviye ya tableti yake, kibodi ile ya kuchomeka, ilikuwa imegoma, na vidole vyake vinene havielewani na kioo.

Aliizima tableti, akaiwasha tena. Akapuliza. Akabonyeza herufi moja polepole, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Nyuma yangu watu walianza kusukumana.

Ndipo mama mmoja aliyebeba bidoni ya mawese akainama dirishani.

"Papa, vula ile nguo."

Kweli, klaviye ilikuwa imevalishwa kitambaa cha kufuma, na pindo lake lilikuwa limeingia pale inapogusana na tableti.

"Muke wangu njo alifuma," karani akajibu, ameudhika. "Juu ya mavumbi."

"Vula tu! Treni iko naenda!"

Alikivua. Herufi zikatoka. Mama akapata tikiti yake, akakimbia. Karani naye akakikung'uta kitambaa, akaanza kukirudisha kwa heshima.

"Apana, papa!" tulipiga kelele mstari mzima.

Mimi nilipaza sauti kuliko wote, na nyumbani kwangu telekomande ya televisheni ina mwaka wa tatu ndani ya plastiki yake.