Kiti cha Mbele cha Baba

Jumatatu ya pili baada ya Idi mama yangu alifariki kisiwani kwetu, kwenye delta ya Rufiji. Nilimpoteza mama, na nikampoteza mshirika wangu wa uongo. Tulikuwa tumepanga, yeye na mimi, ajifanye mgonjwa ili baba amvushe hadi Nyamisati, na pale bandarini baba akute gari aliloliota maisha yake yote. Baada ya hapo mama angepona, tungecheka. Badala yake akaumwa kweli, akafa kweli, na gari likabaki kwangu Buguruni, Dar, limefunikwa turubai.

Ndugu wengi wameniuliza gari lile lilifikaje, na kwa nini siku ya kwanza baba alikaa nyuma. Naeleza mara moja, nisiulizwe tena.

Baba alikuwa mkata boriti za mikoko. Mimi sijazaliwa, alikamatwa na Bwana Miti, yaani ofisa wa misitu, akiwa na boriti zisizo na kibali. Akapakiwa nyuma ya gari la bati la Waingereza, lile lenye tairi la akiba juu ya boneti, akapelekwa Kibiti, akalala mahabusu siku mbili. Mtu mwingine angelichukia gari la namna ile mpaka kaburini. Baba alirudi kisiwani akisifia springi. Tangu hapo kila mtu akitaja magari, yeye husema, "Nyuma nimeshakaa. Bado mbele." Anasema hayo katika kijiji ambacho chombo pekee chenye matairi ni toroli la zahanati.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari. Shule niliishia darasa la saba. Gari la namna ile nililinunua likiwa limekufa, nikalifufua kidogo kidogo kwa miaka minne, na mtu niliyemwambia ni mama tu. Aliapa hatasema. Akanisaidia hata vipimo: alimpima baba makalio akiwa amelala, kwa kamba ya kufungia kuku, akaikata, akanitumia ile kamba kwa mtu wa boti. Kiti cha mbele nikakishona kwa kamba hiyo, rangi nyekundu, kwa sababu mama alisema mwanamume aliyesubiri kiasi hicho asikalie rangi ya tope.

Sasa nasema lile ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Wiki mbili kabla ya siku tuliyopanga, mama alipiga simu. "Tatu, naumwa. Kifua." Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, umeanza mapema, gari halijapata breki." Naye akacheka, akakohoa. Siku ya tatu nikapigiwa na mtu mwingine. Nilifika kisiwani wameshazika.

Arobaini ilipokaribia nikaamua kwenda na gari. Nilitaka baba alione, kisha nimwambie kuhusu ile simu. Kama angelikataa gari, sawa. Kama angenikataa mimi, pia nilikuwa nimejiandaa, au nilidhani hivyo.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Buguruni. Gari lile halina haraka na mtu. Mbele lina viti viwili tu, katikati nimeweka sanduku la spana, na mlango wa abiria haushiki mpaka uubamize mara mbili. Mkuranga maji yalichemka nikasimama. Mama mmoja muuza mananasi akalizunguka, akalipiga kofi ubavuni.

"Dada, hili unalipeleka makumbusho?"

"Nampelekea baba yangu."

"Kumbe baba ndiye yuko makumbusho?"

Nikanunua nanasi, maana kwa maneno yale alistahili.

Saa tano nilikuwa Bungu. Hapo unaiacha lami na kushika barabara ya vumbi kwenda Nyamisati, katikati ya mikorosho. Mvua ilikuwa imenyesha, vumbi lilikuwa tope. Mara mbili nilizama na mara mbili gari likatoka lenyewe, likiunguruma kama mzee anayeamshwa. Nilijikuta nalisifia springi kwa sauti, peke yangu. Nikaona aibu, nikafunga mdomo.

Saa nane mchana, Nyamisati. Nilifikia kwa Mwalimu Kimaro, mtu wa Moshi, aliyefundisha shule ya pale miaka mingi na aliyemfahamu mama kwa sababu mama alimuuzia kaa. Alinipa pole ya msiba, akanipa chai, kisha akakaa akilitazama gari kwa muda mrefu.

"Tatu, nisaidie kuelewa. Mzee wako anakaa kisiwani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kisiwani hakuna barabara."

"Hakuna."

"Kwetu mlimani mtu angemletea baba yake mtumbwi, tungemwombea."

"Niombee tu, Mwalimu. Lakini kwanza nisaidie kulifunika, mtu wa kule asilione."

Akacheka kidogo, halafu akaangalia pembeni. "Sawa, tulifunike," alisema. Nilidhani ananionea huruma.

Saa kumi maji yalijaa, nikapanda boti. Njia ya kwetu ni mikono ya mto inayogawanyika katikati ya mikoko, na asiyezaliwa huko huona mkono mmoja tu unaojirudia. Nahodha alinipa pole akaniuliza habari za mjini. Habari za gari hakuniuliza. Nalo hilo sikulitia akilini.

Baba nilimkuta barazani. Alikuwa amekonda. Nilimshika mkono, nikamtazama kiunoni bila kutaka, nikahesabu ni vidole vingapi vya ile kamba vimepungua.

"Umekuja na nini?" aliniuliza.

"Na basi, baba."

"Basi zuri?"

"La kawaida tu."

"Haya," akasema, akageuza uso. Tulikula wali na samaki. Nilitaka kumwambia ile habari ya simu. Nikamwambia chumvi imezidi.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, dua ya arobaini ilisomwa uani kwetu. Ilipokwisha, na sahani za pilau zilipoanza kuzunguka, nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Kilikuwa kikohozi cha mama.

Akatokea Bi Somoe. Bi Somoe ni mtani wetu wa ukoo. Kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka marehemu: huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, huyasema yale ambayo wafiwa wanayameza. Umkasirikie, unatozwa faini palepale. Siku ya maziko alikuwa safarini, kwa hiyo alikuja na deni lake la vituko. Alikuwa amevaa kanga ya mama ya zambarau, na miwani yake iliyofungwa uzi.

"Yarabi, kifua changu!" akalia, akijishika tumbo. "Nipelekeni Nyamisati! Mnifikishe pale penye turubai, nitapona!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mimi nikawa jiwe. Turubai?

"Bi Mkubwa, kifua kiko huku juu," mzee mmoja akamwambia.

"Niacheni! Mimi kuumwa nimejifunza juzi tu!" Akaniendea mimi, akaniinamia. "Mwanangu Tatu, naumwa. Au bado mapema? Gari limepata breki?"

Nilisimama, sahani ikamwagika. Nikampigia kelele Bi Somoe, mtu mzima mwenye umri wa mama yangu, mbele ya watu wa dua. Nikamwambia avue kanga ile, hajui anachosema. Kisha nikasikia mdomo wangu unaendelea wenyewe. "Alinipigia simu anaumwa kweli, nikamcheka! Nilidhani anaigiza! Mama yangu anakufa, mimi namwambia umeanza mapema!"

Hata Bi Somoe alinyamaza, na hilo sijawahi kuliona.

Baba akaweka sahani yake chini. "Kaa, Tatu."

Sikukaa.

"Kaa, mwanangu. Gari nalijua. Mama yako aliniambia siku ileile uliyomwambia wewe."

"Aliapa!"

"Aliapa, akavuka uwanja, akamwambia na Somoe. Hata maneno yako ya breki alimsimulia. Kijiji kizima kinajua. Mwalimu anajua. Ile siku ya kamba, ulidhani nilikuwa nimelala? Nilikuwa nimebana pumzi nisicheke." Akatazama mikono yake. "Kila jioni alinifundisha kushtuka. Nitoke kwenye boti, nilione gari, niweke mikono kichwani, niseme gari la nani hili, kisha nikae chini. Alisema nashtuka vibaya, nitakuvunja moyo."

Watu walikuwa wanacheka kwa chini, wengine wanajifuta macho kwa kanga.

"Basi alipoanza kukohoa," baba akasema, "nilimwambia, leo umeigiza vizuri. Usiku mzima anakohoa, mimi namsifu. Asubuhi ndiyo niliona midomo yake." Akanigeukia. "Wewe ulicheka mara moja, kwenye simu. Mimi nilicheka nikiwa nimelala pembeni yake."

Nilikaa chini, kwenye pilau iliyomwagika, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Baba alilia pia, bila sauti, kama anavyofanya kila kitu.

Bi Somoe akatuacha tulie. Kisha akarekebisha miwani. "Poleni. Lakini nimefokewa. Faini yangu iko wapi?"

"Chukua jogoo," baba akasema.

"Jogoo mfundishe kushtuka. Mimi nataka kiti cha mbele. Kutoka Nyamisati mpaka Bungu."

Watu wakapiga makofi. Faini ya mtani haikataliwi, sote tulijua.

Saa kumi na nusu maji yalijaa tena, tukavuka, baba, mimi na Bi Somoe, ambaye hakuvua kanga. Safari hii nahodha aliongea njia nzima: akaniuliza gari linakula lita ngapi, taa zake za kioo au za plastiki, na kama ni kweli kiti ni chekundu. Nilichojifunza katika safari yangu nilijifunza hapo katikati ya mikoko, na si kikubwa: siku arobaini nilikuwa nimekaa Dar na aibu nikidhani ni yangu peke yangu, kumbe ng'ambo ya maji mtu wa pili alikuwa amekaa na ileile. Simu tulikuwa nazo wote wawili.

Nyamisati. Mwalimu Kimaro alikuwa ameshalifunua gari na kulipangusa. Baba alishuka kwenye boti, akapanda ngazi taratibu, akasimama mbele ya boneti. Aliligusa tairi la akiba. Alisahau yote aliyofundishwa. Bi Somoe akakohoa, kile kikohozi.

Baba akainua mkono mmoja kichwani. "Gari la nani hili?"

"Mikono miwili," Bi Somoe akasema. "Miwili, mume wangu, tumesema nini kila jioni?"

Akaweka ya pili. "Gari la nani hili?" akarudia, akakaa chini kwenye mchanga wa bandari. Kama alikuwa anafuata mafunzo au miguu ilimwisha, sijamuuliza.

"Lako, baba," nikasema. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimepangiwa.

Bi Somoe akakalia kiti chekundu, akabamiza mlango mara moja, ukafunguka, akatutukana kidogo, akaubamiza tena. Baba alizunguka nyuma, akapanda, akakaa kwenye benchi la bati, upande uleule aliokaa alipokamatwa. Hakunung'unika. Njiani nilimtazama kwenye kioo: alikuwa anaruka na kila shimo, mkono mmoja ameshika bomba. Pembeni yangu Bi Somoe alilalamikia vumbi ambalo halikuwepo, mwendo wangu, nguo zangu, kutoolewa kwangu, kila alichokuwa akikilalamikia mama. Nilimjibu yote. Tulikwenda hivyo mpaka taa za Bungu zikaonekana.

Kwenye lami baba aligonga bati. Nikasimama. Alishuka, akaja upande wa abiria, akasimama dirishani.

"Mwambie mama yako amekaa vya kutosha," akaniambia. "Sasa zamu yangu."

Bi Somoe alimtazama. Akavua miwani, akaiweka juu ya sanduku la spana. Akavua kanga, akaikunja mara nne, akampa baba mkononi, akateremka na kwenda kupanda nyuma.

Baba aliingia. Kiti kilikuwa kipana kwake sasa. Pengo lililobaki alilijaza kwa ile kanga. Akauvuta mlango, haukushika. Akaubamiza tena.