Mtoto Asiyegeukia Madebe

Nilisikia madebe kabla sijafumbua macho. Kisha sauti ya mama, ikifukuza ndege kwenye mpunga uliokuwa umeanza kukomaa. Kila mwaka tulihama Ifakara mjini na kukaa shambani, upande wa Mbingu, mpaka mavuno yaishe. Tulilala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, na kazi yetu ya alfajiri ilikuwa kelele.

Mwaka huo mdogo wangu wa kiume alikuwa bado ananyonya. Tuligonga debe karibu na kichwa chake, naye aliendelea kutazama mwanga ukipenya kwenye nyasi za paa. Mtoto wa shamba la jirani alilia mpaka sauti ikamkauka, wetu kimya. Bibi, mama yake baba, alimsifu mbele za watu. Alisema huyu atakuwa padre, maana hata waumini wagombane kanisani, misa yake itaendelea.

Tuliporudi mjini alifikisha miezi tisa, akapelekwa kliniki kuchomwa sindano ya surua. Homa ikapanda, ikashuka. Muda ukaenda na maneno hayakuja. Kiziwi hakuwa: mvua ikianza kudonoa bati, alifika dirishani kabla yetu. Alizungusha gurudumu la baiskeli ya baba kutwa nzima, na mlango ukiachwa wazi aliinuka popote alipo, akaufunga. Ukimwita jina lake, ni kama umeita ukuta.

Mtaani kwetu, Viwanja Sitini, jibu lilipatikana mapema: sindano. Wanawake walilisema bombani, bibi akalileta nyumbani, na hatimaye hata baba akaliamini. Lilishika kwa sababu umri wa sindano hauko mbali na umri ambao watu huanza kusubiri maneno ya mtoto. Neno usonji nililisikia nikiwa mtu mzima, ndipo nikaelewa kwamba alizaliwa nao.

Kisha akaja mdogo wetu wa kike. Alipofikisha miezi tisa, surua ilikuwa imeingia mashambani, na kila baiskeli iliyoleta mpunga mjini ilileta pia habari za mtoto aliyezikwa. Asubuhi ya kliniki mama alimfunga mgongoni. Bibi akaketi kizingitini.

"Mmoja sindano imeshamchukua," alisema. "Huyu niachieni."

Mama hakuwa na mazoea ya kubishana na mkwewe. Alikaza kwanza fundo la mbeleko.

"Mama, unakumbuka kule dunguni? Tulimgongea debe sikioni, hakugeuka. Sindano ilikuwa bado."

"Alikuwa mtulivu."

"Ndivyo tulivyosema wote. Wewe ukampa na upadre."

Bibi alitaka kucheka, kicheko kikaishia njiani. Alimtazama mjukuu wake pale sakafuni, akizungusha gurudumu la baiskeli. Akasema basi yeye hajui ni nini. Mama akasema hata yeye hajui, ila surua anaijua.

Bibi hakutoa ruhusa. Aliinuka kizingitini, akavua khanga ya mabegani, akamfunika mtoto kichwa kwa ajili ya jua, kisha akaingia ndani.

Mama akatoka na kuacha mlango wazi. Mdogo wangu aliliacha gurudumu likizunguka peke yake, akaenda akaufunga.