Kigoda cha Gutwara

Sina ugomvi na Tibeti. Sijafika huko wala sitafika, na watu wake hawajanikosea kitu. Ugomvi wangu ni na yule msomi aliyetumia nusu ya umri wake kuchunguza masanduku na meza za huko, kisha akaja kwetu Burundi kulinganisha, akanifanya nimkosee shangazi yangu.

Alinichukua niwe mkalimani wake. Mimi nafundisha Gitega, nimekulia Tanzania, Kiswahili changu kimenyooka. Yeye alikuwa na Kiswahili cha darasani na Kirundi cha kamusi. Siku ya kwanza alinionyesha picha za kazi yake: masanduku mekundu yaliyochorwa majoka, na meza fupi ambazo miguu yake inakunjwa. Akanieleza kwa furaha kabisa kwamba zinakunjwa kwa sababu wenyewe walihamahama na mifugo, na meza isiyobebeka haikuwafaa kitu. Nilimpenda siku ile, nakiri. Nikamwambia, madamu, kwa shangazi yangu Muyinga kuna kigoda utakipenda.

Mdomo wangu huu!

Kigoda hicho alikichonga marehemu mume wa shangazi, kutoka gogo moja. Goti la kulia la shangazi halikunjiki tangu alipoanguka na mzigo wa mihogo, kwa hiyo mumewe alikishusha upande mmoja ili mguu ukae umenyooka, na katikati akatoboa tundu la kupitisha vidole. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kigoda: ndivyo shangazi anavyokwenda kuchambua maharagwe kwa jirani, kwenye sala, kwenye msiba. Mkekani hawezi kukaa. Kiti cha plastiki kinamning'iniza mguu mpaka machozi yanamtoka.

Tulipofika kwake na msomi akauliza kigoda ni cha nini, shangazi alijibu kwa Kirundi kwamba ni intebe yo gutwara. Nikatafsiri: kigoda cha kubeba, anatembea nacho. Mtoto wa darasa la kwanza angetafsiri vilevile.

Madamu akafungua kamusi. Gutwara, kubeba. Gutwara, kutawala. Macho yakamng'aa. Na kweli neno ni hilohilo kwa yote mawili, hata mtawala tunamwita umutware. Ila ni nani, jamani, anayetawala huku anachambua maharagwe? Nikapinga. Alikuwa amefuatana na mwenye kituo kimoja cha utamaduni pale Gitega, na bwana huyo akanicheka usoni.

"Mi nakwambia, we umekulia Tanzania," akasema. "Kirundi ya ndani hauijue. Donc, hii iko kiti ya batware."

Nikanyamaza. Hapo ndipo hasira inaponichoma hadi leo. Sisi tuliorudi tunaambiwa hivyo kila mahali, sokoni, ofisini, hata kanisani: Kirundi chenu si cha ndani. Nimelisikia mpaka nikaanza kuliamini. Nikajiuliza, labda ipo maana wanayoijua wao ambao hawakuondoka. Basi nikamtafsiria shangazi kwamba wanaazima kigoda kwa maonyesho ya wiki mbili, nikatia sahihi kwenye karatasi yao kama mkalimani na shahidi. Wamekiandika nini, sikumwambia.

Wiki mbili zikawa miezi minne. Kila nikipiga simu, mwenye kituo ananiambia kiti cha utawala hakirudi kukaa jikoni. Jikoni! Kana kwamba shangazi alikiokota njiani. Mwezi wa nne jirani yake akafariki, yule mwanamke aliyekuwa anamchotea maji. Shangazi akaenda msibani, akasimama mlangoni ameegemea nguzo, mpaka mguu ukamshinda, akarudi kwake kabla mwenzake hajazikwa. Akanipigia simu.

"Mwanangu, nimemwacha mwenzangu," akasema. "Kigoda changu kiko wapi?"

Nililia. Kisha nikakasirika kuliko nilivyolia, nikapanda gari hadi Muyinga kumchukua.

Tulifika kwenye kile kituo cha Gitega karibu saa sita mchana. Kigoda kilikuwa nyuma ya kamba, juu ya kitambaa chekundu, na pembeni pana kibao cha Kifaransa: Kiti cha utawala. Kibao kiliendelea kueleza kwamba mteremko wake unaonyesha mtawala akiwainamia raia wake, na kwamba tundu ni la kusimamishia fimbo ya enzi. Fimbo ya enzi! Nikamsomea shangazi kwa Kirundi, neno kwa neno, nikamwambia pia kwamba sahihi kwenye karatasi yao ni yangu.

"Na goti langu hawakuliandika?" akauliza.

Nilifungua ile kamba kwa mkono wangu mwenyewe. Shangazi akaingia, akageuka polepole, akakaa. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, usiikalie! Iko patrimoine hiyo, urithi ya taifa!"

Shangazi akaendelea kukaa, alikuwa ametoka safari. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala kwenye ule upande wa chini, umenyooka, umetulia, na kila aliyekuwa ukumbini aliona. Msomi naye alikuwepo, anawaelekeza wageni wawili. Akatazama goti, akatazama kigoda, akatazama kibao chake, uso ukamwiva. Sikumwonea huruma hata chembe. Mtu anayejua kwa nini meza za Tibeti zinakunjwa miguu alishindwaje kujua kwa nini kigoda cha Muyinga kina tundu? Alimsikia shangazi kwa masikio yake. Alinisikia mimi. Akaona sisi wawili, wenye kigoda, ndio tusiojua.

Shangazi alipokwisha kupumzika akainuka, akaingiza vidole tunduni, akakinyanyua.

"Ndayitwaye," akasema, kwa neno lilelile la gutwara, akaelekea mlangoni. Mlinzi akampisha.

Msomi akanisogelea, kalamu mkononi. "Amesema nini?"

"Fungua kamusi yako, madamu," nikamjibu. "Leo andika maana zote mbili."