Kaburi Lisilo na Tuta

Wathamini walipofika nyumbani kwetu, upande wa Kamanga, waliuliza kwanza nani ni mkuu wa kaya. Mume wangu alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na lile shamba nimelilima mimi tangu siku niliyoolewa, lakini kijana wangu alijitokeza akasema ni yeye, nao wakamwandika. Sikumkatiza mbele ya wageni. Kisha wakauliza makaburi yako wapi. Ardhi yote ile, kuanzia barabarani hadi kwenye matete ya ziwa, ilikuwa inachukuliwa ili pajengwe kiwanda cha samaki na gati lake, na iliamriwa kwamba wafu wahamishwe kwa heshima kabla mashine hazijaingia.

Kijana wangu aliwaongoza. Aliwaonyesha kaburi la baba yake lenye saruji na msalaba, makaburi ya babu na bibi yake yaliyozungushiwa mawe, na la shangazi wa baba yake aliyefia kwetu. Kila walipofika, mmoja wao alipaka alama nyekundu juu ya jiwe. Walipomaliza walifunga mikoba yao. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko nikisubiri wafike nilipo. Hawakufika.

Mjukuu wangu anayeandika maneno haya ameniuliza kwa nini sikupaza sauti papo hapo. Nimemwambia aandike kwanza, aulize baadaye. Hata hivyo swali lake ni la haki, nami nitalijibu.

Kwetu, mtoto mchanga anayekufa kabla ya kuota meno hazikwi na wanaume. Hapigiwi yowe, hafanyiwi matanga, wala halazwi pamoja na wazee wa ukoo. Wanawake wa nyumba humchukua alfajiri wakamzika nyuma ya jiko, upenuni, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye paa, na udongo husawazishwa mpaka pasionekane tuta. Waliotufundisha walisema kwamba ardhi hiyo ikikaa na unyevu, tumbo la mama halitakauka, na mtoto atakayefuata ataijua njia. Mwanaume hapaswi kupajua.

Wangu alikuwa wa kike. Alizaliwa mwezi ulipoandama, akaishi hadi mwezi ulipokuwa mpevu. Alikuwa na nywele nyingi, na alikuwa akikushika kidole kwa nguvu mpaka tunacheka. Homa ilipompata, zahanati ilikuwa mbali, na hata tulipopata mtumbwi wa kutuvusha alikuwa amekwisha kuacha kunyonya. Mama mkwe wangu ndiye aliyechimba. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa msichana, ndiye aliyempokea mikononi na kumweka chini. Mimi nilikaa kizingitini nimejifunga khanga kifuani, kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanatoka. Asubuhi ile ile nilikwenda kuanika dagaa pamoja na wenzangu. Hakuna aliyenipa pole, maana pole ingekuwa kuvunja mwiko. Mume wangu hakuniuliza neno. Ila tangu siku hiyo, alipotaka kwenda ziwani hakupita tena nyuma ya jiko. Alizunguka kwa upande wa zizi, na alifanya hivyo mpaka uzee wake.

Sasa unaelewa kwa nini siku ile sikupaza sauti. Nilikuwa sijawahi kulitamka jambo hilo mbele ya mwanaume yeyote, na nilihitaji usiku mmoja wa kujifunza namna ya kulitamka.

Kesho yake nilimfuata mthamini mkuu kwenye kivuli cha gari lake. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo na kunivutia kiti. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kaburi hilo lina alama, jiwe au msalaba, nikamwambia halina wala halikupaswa kuwa nazo. Akauliza kuhusu mashahidi. Nikamtajia wifi yangu. Akasema utaratibu unamtaka mzee wa ukoo, mwanaume, athibitishe mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

“Mama,” alisema kwa upole, “nikiandika kila mahali ninapoambiwa kuna mtu, nitaandika kijiji kizima.”

“Basi andika kijiji kizima,” nikamwambia. “Ndivyo kilivyo.”

Alitabasamu, akaniambia nilipeleke jambo hilo mkutanoni.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mzee wa ukoo wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na mwenyekiti alimsimamisha yeye kabla yangu. Shemeji alivua kofia. Alisema ananiheshimu, kwamba nimewalea watoto wa kaka yake bila lawama, lakini kuhusu kaburi hilo hawezi kuapa. “Sikuwapo, shemeji. Siwezi kuapa kwa jambo ambalo sikuliona.” Wala hakusema uongo. Hakuwapo kwa sababu mila ilimkataza kuwapo, na sasa utaratibu ulitaka ushahidi wake yeye na si wa mwingine.

Mtu mmoja nyuma, mvuvi ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akasema kwa sauti, “Mwacheni, wiki ijayo atakumbuka na kaburi la kuku wake.”

Watu wakacheka. Nilimgeukia. Nilimwambia kwamba mume wangu alipokufa yeye alikula nyama ya matanga mpaka akabebwa, na sikumuuliza alikuwa shahidi wa nini. Kicheko kikahamia kwake, lakini kicheko hakikunisaidia kitu.

Ndipo wifi yangu aliposimama. Ni mwanamke mfupi, mgongo umempinda, na huzungumza kama anayegombana hata anapoomba chumvi. Alinyoosha mikono yake mbele ya mkutano akasema, “Mimi nilimshika. Kwa hii.” Mwenyekiti akamweleza kwamba ushahidi wa ndugu una upungufu. Wifi akamtazama shemeji yangu, kisha akamtazama mwenyekiti. “Na huyu kaka yangu,” akauliza, “kwenu ninyi ni jirani?”

Wanawake walicheka peke yao safari hii. Mwenyekiti akafunga mkutano, akasema suala hilo atalipeleka ngazi ya juu. Sijui ngazi hiyo ina vidato vingapi, maana mpaka leo hakuna aliyeshuka na jibu.

Jioni ile kijana wangu aliniita kando. Alikuwa na aibu ya kweli, nami siwezi kumlaumu kwa kuwa nayo. Aliniambia watu wanasema natafuta fidia ya kaburi hewa, na kwamba maneno hayo yamemfikia hata huko anakouzia samaki.

“Huyo unayemwita hewa ni dada yako,” nikamwambia. “Alikutangulia. Wewe ndiye uliyemfuata.”

Kisha akauliza kwa nini sikuwahi kumwambia. Nilimjibu kwamba hakuzaliwa mwanamke. Lilikuwa jibu kali, lakini lilikuwa la kweli, naye akaondoka kwenda kufunga ng'ombe bila kuniaga.

Siku ya kuhamisha makaburi yalikuja masanduku mapya na sanda nyeupe, wakaja watu wa afya waliovaa glovu, na mchungaji wetu akasoma sala mbele ya kila shimo. Mume wangu alihamishwa vizuri. Wazazi wake vilevile. Baada ya ibada nilimwomba mchungaji aje nami nyuma ya jiko. Ni mtu mwema. Alikuja, akavua viatu, akaniuliza jina la mtoto. Hakuwa na jina, maana alikufa kabla ya kupewa. Mchungaji akasita, kisha akaombea “wote waliolala mahali hapa.” Niliitikia amina. Hata hivyo mimi sikuwa nimewazika wote. Nilikuwa nimemzika mmoja.

Baada ya hapo miguu yangu ilivimba, na binti yangu anayeishi Mirongo akanitaka nivuke nikatibiwe mjini. Nilimwambia kijana wangu kwamba nikirudi nitachimba mwenyewe pamoja na wifi, kwa ruhusa ama bila ruhusa, na kwamba jiko lisiguswe. Aliitikia. Nikapanda kivuko kwenda Mwanza.

Nilipokuwa huko, kampuni ya kiwanda ilitoa amri kwamba kila kitakachokutwa ndani ya eneo kitavunjwa pamoja na vilivyomo. Kijana wangu alifanya ambalo mwanaume yeyote wa kwetu mwenye akili angelifanya. Aliezua mabati ya nyumba na ya jiko, akang'oa milango na mbao ili zisipotee, kwa kuwa ndizo alizokusudia kunijengea chumba kwenye kiwanja kipya. Matofali majirani walikuja kuyachukua, na mafiga pia. Jiko lenyewe lilikuwa la miti na udongo, na lilipobaki bila paa lilianguka kwa mvua ya siku ile ile. Alichomeka kijiti mahali alipodhani ukuta wa nyuma ulikuwa. Kisha greda likapita kusawazisha uwanja.

Niliporudi, nilianza kuliona ziwa nikiwa bado barabarani, mahali ambapo tangu niolewe halikuwahi kuonekana, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyolikinga. Kijana wangu alikuwa amesimama kunisubiri. “Mama, niliweka kijiti,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nilimshika bega. Aliyezoea kukaripia kama mimi hupungukiwa na maneno mengine.

Ninajua ninyi vijana mnazungumza kwenye simu kuhusu haki za wanawake na ardhi, na wengine huwacheka mkizungumza. Mimi sikusoma, na sipingi kiwanda. Wajukuu wangu wanahitaji kazi, na wafu hawapaswi kuwanyima walio hai chakula. Lakini anayekuja kuhesabu watu wa mahali na akamuuliza mwanaume peke yake, amehesabu nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayoitwa ukweli ofisini. Wala siitetei mila yetu yote. Mila ilinifundisha kunyamaza, kisha sheria ikaniadhibu kwa kuwa nilinyamaza, na wote wawili walinitazama kwa upole walipokuwa wakifanya hivyo. Kama ningeruhusiwa kulia siku ile ya kwanza, pengine shemeji yangu angesikia, naye angekuwa na la kuapia.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda na majembe, mimi na wifi. Mlinzi wa getini alikuwa kijana wa kutoka mbali. Alitusalimia, “Shikamooni bibi zangu,” akasema eneo sasa lina mwenyewe, kisha akatazama majembe yetu, akatazama nyuso zetu, na akafungua. Alituomba tutoke kabla msimamizi hajafika.

Hatukujua pa kuanzia. Uwanja wote ulikuwa tambarare, na hapakuwa na kijiti, ukuta wala paa la kutuonyesha maji yalidondokea wapi. Wifi alisema tuanzie upande wa barabarani, kwa kuwa jiko lilitazama machweo. Nilimwambia kilichotazama machweo ni mlango wa nyumba kubwa.

“Wewe uliolewa ukaenda zako,” nikasema. “Mimi ndiye niliyepika hapa.”

“Umepika, ndiyo. Niliyemlaza ni mimi,” akajibu.

Nikampa nafasi, tukachimba aliposema yeye. Kisha tukachimba niliposema mimi. Kisha tukachimba katikati, hatusemezani. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikiona jivu nitajua nimekaribia, maana nilimwaga jivu nyuma ya jiko kwa miaka yote ile, kandokando ya mahali pake. Lakini jivu lilikuwa kila mahali. Greda lilikuwa limelisambaza jiko langu uwanja mzima. Wifi aliendelea kuchimba hata baada ya mimi kukaa chini. Alikuwa akihema na kuzungumza peke yake, akisema mtoto alikuwa mwepesi, alikuwa mwepesi kama mkate, na nilimwacha aseme kwa sababu hajapata kuyasema mahali popote.

Katapila lilianza kazi upande wa barabarani. Lilikuwa likikwangua udongo wa juu na kuupakia kwenye lori, na lori lilikuwa likiondoka na kurudi, kila mara likisogea karibu na tulipokuwa. Msimamizi alifika, akamfokea mlinzi, lakini sisi hakutufokea. Alisubiri tu. Mwishowe dereva wa lori alishusha kioo, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniomba nisogee.

Nilimuuliza udongo ule anaupeleka wapi. Alisema wanajaza bonde lililo kando ya maji, pale gati litakaposimama.

Nilimsimamisha wifi, nikamfuta mikono kwa khanga yangu, tukasogea. Katapila likapakia uwanja wetu. Lori lilipokuwa tayari kuondoka nilikwenda tena dirishani, nikamwomba dereva aendeshe polepole. Alidhani tunaogopa vumbi. Akaniambia, “Sawa, bibi,” na akaenda taratibu sana mpaka alipopita matete.